Kipini, Mlangoni mwa Mto: Tukingoja Tusilolijua



Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zangu wasomaji, mama zetu na dada zetu, waraka huu nawaandikia kutoka Kipini, mahali ambapo sikukusudia kukaa zaidi ya siku tatu. Nilikuja mwezi wa Machi kumzuru mama yangu mdogo, ambaye umri umemwelemea, nikiwa na mkoba mmoja na msahafu wangu. Leo tumo katika kumi la mwisho la Shaabani, mwaka 1441, nami bado nipo. Ahali zangu wako Malindi, na baina yangu nao upo mpaka wa kaunti ambao tangu jioni ya tarehe 8 Aprili haupitwi na abiria.

Sikuandika ili nijihurumie. Nimeandika kwa sababu swali ninaloulizwa hapa kila siku, na ninyi huko mliko mwaulizana hilo hilo: je, na sisi tutafungwa? Na tukifungwa, Ramadhani yetu itakuwaje? Jawabu sina. Lakini nimekaa katika mji ambao watu wake wamezoea kuishi na jambo wasilolijua, na nimeona yapo ya kujifunza kwao.

Mji wa maji mawili

Kwa asiyepata kufika huku, Kipini ni mji mdogo ulioko ukomo wa mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, kilomita zipatazo 1,000. Maji yaliyoteremka kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, yakapita mabwawa na nyika, yakapita Garissa na Hola na Garsen, huja kuishia hapa, mbele ya watoto wanaocheza mchangani. Ukipanda mto kidogo wafika Ozi, penye mashamba ya mpunga na miembe mikubwa. Ukiupa mto mgongo waitazama ghuba ya Ungwana, ambayo kwa kamba na samaki wake imelisha nyumba nyingi tangu enzi za mababu. Wakaao hapa ni Wapokomo, Waorma, Wabajuni, Waswahili na wengineo, wanaozikana na kuozana.

Kinachomshangaza mgeni ni maji. Bahari ikijaa, maji ya chumvi huusukuma mto urudi nyuma. Ikipwa, mto husonga mbele na kuitia bahari rangi ya udongo. Wakulima wa Ozi wameufanya ushindani huo kuwa riziki. Wakati wa bamvua, bahari inapoupandisha mto, maji matamu hunyanyuka yakaingia mashambani bila ya mashine wala ndoo. Lakini mto ukiwa dhaifu, kinachoingia ni chumvi, na mpunga wa msimu mzima hufa kwa siku chache.

Mzee mmoja wa Ozi, kabla hatujaanza kukaa mbalimbali, alinieleza kwamba yeye haliamini jicho lake. Maji yote rangi moja, alisema. Huteka kiganjani, akaonja, ndipo afungue mfereji. Maneno hayo nikayasikia kama maelezo ya kilimo tu. Sasa naona yalikuwa zaidi ya hapo.

Tulijualo na tusilolijua

Tuyapange tunayoyajua. Tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Siku chache baadaye shule na madrasa zikafungwa, na mikusanyiko ya ibada ikakatazwa. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza nchi nzima, tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufungwa kwa Nairobi jioni ile ile, na siku mbili baadaye kwa Mombasa, Kilifi na Kwale: asiingie mtu wala asitoke, kwa muda wa siku 21, isipokuwa magari ya mizigo na vyakula. Hesabuni wenyewe. Siku hizo 21 zinakwisha tarehe 29 Aprili, nasi tutakuwa tayari tumeingia katika mfungo.

Tusilolijua ni hili: zikisha siku hizo, je, amri itaondoka au itaongezwa? Je, itavuka na kuzifikia Tana River na Lamu? Misikiti itafunguliwa kwa Tarawehe? Idd tutaiswali wapi?

Kwa mtu wa Kipini maswali haya yana uzito wa peke yake, kwa ajili ya jiografia. Mji huu ni wa kaunti ya Tana River, lakini barabara itokayo hapa haikupeleki Garsen moja kwa moja. Yapanda kwanza hadi Witu, ambako ni kaunti ya Lamu, kisha ndipo mtu arudi Tana River kwa njia kuu ya kuelekea Minjila. Basi ikiwa kesho itafungwa Lamu peke yake, au Tana River peke yake, mtu wa Kipini atakuwa amefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Mwenye kesi, mwenye mgonjwa wa kupelekwa hospitali kubwa, mwenye pensheni ya kufuata, wote hupita katika kaunti ya watu ili wafike katika kaunti yao.

Na msimu nao haungoji. Masika yameanza, mto unapanda, na watu wa mabondeni wanatazama alama za mafuriko ya mwaka 2018. Mto ukivunja kingo watu huambiwa wahame, wakakusanyike penye mwinuko. Ugonjwa nao watuambia tusikusanyike. Mama mmoja aliniuliza, "Sheikh, tukiambiwa yote mawili siku moja, tutii lipi?" Nilimwambia kuokoa roho na maji kunatangulia, na huko kwenye mwinuko kila ahali wajitenge kwa kadiri ya uwezo wao. Lakini nakiri kwamba swali lake lilininyima usingizi.

Kuku wa mjane

Juma lililopita ilienea habari kwamba Tana River itafungwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Hapana aliyejua imetoka wapi. Kila uliyemuuliza alikuwa amesikia kwa mwenzake, na mwenzake amesoma katika simu ya mwingine. Kabla ya adhuhuri bei ya sukari ilikuwa imepanda, na unga ulikuwa umetoweka katika duka moja na kuonekana chini ya kitanda cha nyumba nyingine. Mjane mmoja jirani yetu, kwa kuhofia kwamba hatapata tena mnunuzi, aliwauza kuku wake wote asubuhi ile kwa bei ya kutupa. Ijumaa ikafika, magari ya mizigo yakaja kama desturi, na hapana kilichofungwa. Kuku hawakurudi.

Waliosambaza habari ile hawakuwa waongo. Walikuwa watu wema waliokusudia kuwahi kuwaonya wapenzi wao. Lakini Qur'ani katika Suratul-Hujurat yatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukabaki na majuto. Na katika Suratun-Nisaa tunafundishwa kwamba habari ya amani au ya khofu ikitufikia, tusiitangaze hovyo, bali tuirudishe kwa wenye mamlaka na wenye kuielewa. Mjane yule hakudhuriwa na korona. Amedhuriwa na ulimi, na tena ulimi wa kupenda.

Mzee wa Ozi huonja kabla ya kufungua mfereji. Nasi habari ikitufikia katika simu, tuionje: nani amesema, lini, na ameitoa wapi? Isipokuwa na jawabu, mfereji ubaki umefungwa.

Watu kisimani

Watu wa delta hii hawakuanza leo kuijua kafyu. Mwezi wa Septemba mwaka 2012, baada ya mauaji ya Kilelengwani, ambako si mbali na hapa, serikali iliwafungia watu majumbani usiku. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, jirani zetu wa Lamu nao waliwekewa kafyu, na wavuvi wao wakazuiwa kuvua usiku. Nilimwuliza mama yangu mdogo kama hii ya sasa ni sawa na zile.

Akanijibu, "Mwanangu, zile zilitutenga na mtu tunayemwogopa. Hii yatutenga na tunayempenda. Mjukuu wangu yuaja mlangoni, nami namwambia simama hapo hapo."

Kisha akanikumbusha kisa ambacho kila mtoto wa huku amelelewa nacho. Mapokeo ya wenyeji yasema kaburi la Fumo Liyongo liko hapa Kipini. Mwajua jinsi shujaa yule alivyouawa: mwanawe mwenyewe alirubuniwa na maadui, akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo akajikokota hadi kisimani, akapiga goti, akautia mshale katika upinde, na roho ikamtoka katika hali hiyo hiyo. Watu walipomwona hawakujua kama yu hai au amekufa. Hapana aliyethubutu kukaribia kisima, na mji mzima ukashikwa na kiu.

"Sasa nikuulize," akasema mama yangu mdogo. "Waliokuwa wakiteka maji kisimani ni kina nani?"

Nikamwambia, "Wanawake."

"Na aliyemwendea Liyongo pale kisimani akamsemesha ni nani?"

Nikamwambia, "Mamake."

"Basi," akasema, "hao wanaume na mikuki yao walikaa mbali wakibishana kama yu hai au amekufa. Watoto wanalia kiu. Mwanamke akenda, kwa adabu, akasema naye. Hakumrukia, wala hakumkimbia."

Ndugu zangu, nimesoma kisa hicho na kukisomesha, lakini sikupata kukitazama kwa jicho hilo. Kiu ya watu wale haikuletwa na Liyongo, maana Liyongo alikwisha kufa. Ililetwa na kutojua kwao, na namna walivyokaa na kutojua huko. Wala sisemi kwamba ugonjwa huu ni maiti usiodhuru. Mshale wake ni wa kweli, na watu wamekwisha kufa nchini mwetu na ulimwenguni kote. Nisemalo ni kwamba hatari moja isituzalie hatari ya pili.

Seyyidna Umar njiani

Wako wanaodhani kwamba mtu mwenye imani kamili hapaswi kusitasita, na kwamba kuchukua hadhari ni upungufu wa tawakkul. Na tumtazame Seyyidna Umar bin Al-Khattab, Mungu amridhie. Katika ukhalifa wake alitoka Madina kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akapewa habari kwamba tauni imeingia Sham. Je, Umar alijua la kufanya mara moja? Hakujua. Aliwaita Muhajirina akawataka shauri, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitalifiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakaafikiana kwamba arudi na watu wake. Ndipo akaamua kurudi. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akamjibu kwa maana kwamba anatoka katika kadari akiiendea kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Awf, aliyekuwa hayupo, akawajuza aliyoyasikia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie: pakisikika tauni katika nchi asiiingie mtu, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Mola wake, akarejea Madina.

Tazameni mpango wake. Alisimama njiani bila ya kujua. Hakuona haya kutojua. Akauliza, akasikiliza waliokhitalifiana, akaamua kwa kadiri ya alilolifahamu, na ilimu ilipomfikia akaipokea kwa shukrani. Hiyo ndiyo sunna ya mtu aliyesimama mahali tulipo leo.

Nami nilijaribiwa kwa kipimo hicho. Siku chache zilizopita kijana mmoja mwenye boti ya mashine alinijia baada ya alasiri akaninong'oneza: "Sheikh, nitakuchukua usiku, nikushushe Ngomeni kabla ya alfajiri. Huko utapata pikipiki, ufutari na wanao." Msinidhanie kuwa malaika. Moyo wangu ulikwisha kupanda boti. Nilimwambia anipe siku moja.

Usiku ule nilimpigia simu mke wangu. Nilitaraji atafurahi. Akanyamaza, kisha akasema, "Ukija usiku kwa mlango wa nyuma, baba watoto, asubuhi watoto watakuuliza umepita wapi. Utawaambia nini, nawe ndiye unayewafundisha?" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na mama yako mdogo atabaki na nani?"

Kijana yule alikwenda zake bila yangu. Sikujua, na sijui hata sasa, kama ningeuchukua ugonjwa kuupeleka Malindi au kuukuta huko. Lakini kwa kuwa sikujua, sikuwa na haki ya kuwatilia wengine chumvi mashambani mwao.

Mihrabu isiyo na paa

Si mbali na Kipini yako magofu ya mji wa Ungwana, ambayo James Kirkman aliyachimba na kuyaandikia kitabu kilichotoka mwaka 1966. Nilikwenda asubuhi moja. Misikiti ya mawe imesimama bila ya paa, na makaburi ya nguzo yamezungukwa na vichaka. Watu walioswali pale walihama karne nyingi zilizopita. Nilisimama kitambo, kwa huzuni ya misikiti yetu iliyofungwa, nikajiuliza kama swala ilikatika siku mji ule ulipohamwa. Haikukatika. Ilihama na watu wake, ikaingia katika nyumba za makuti za mahali pengine, na leo wajukuu wao wanaswali Kipini, Witu na Lamu. Jengo lilibaki nyuma.

Kwa hiyo, mama zetu, nawausieni machache kabla mwezi haujaandama, yawe ni msaada ikiwa tutafungwa, na yasitupotezee kitu ikiwa hatutafungwa.

Tengeni leo mahali pa kuswali nyumbani, hata kama ni upana wa mkeka mmoja. Mtume mwenyewe aliswali Tarawehe msikitini na watu kwa siku chache, kisha akabaki nyumbani kwa kuchelea isije ikafaradhishwa juu yao. Basi Tarawehe ya nyumbani si Tarawehe pungufu. Baba aliyehifadhi sura fupi chache aswalishe kwa hizo hizo, na watoto wasimame nyuma yake. Huenda wakaikumbuka Ramadhani hii kuliko zote.

Nyumba yenye mja mzito ipange mapema. Mwulizeni chifu na wahudumu wa kituo cha afya, mchana, jinsi ya kusafiri iwapo uchungu utashika usiku wa kafyu, na mjue ni gari la nani. Jambo hili lisingoje saa tano za usiku.

Wenye maduka, kumbukeni kwamba kuficha chakula ili kipande bei ni jambo lililokatazwa katika dini yetu. Wanunuzi nasi tusinunue cha miezi mitatu huku jirani hana cha futari ya kwanza.

Wavuvi waliokuwa wakitega nyavu usiku hivi sasa hawana kitu, na kusi inaanza kuvuma. Mwenye zakati ya mali asingoje. Wanazuoni wengi wamejuzisha kuitanguliza kabla ya mwaka kutimia. Na katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, Zakatul-fitri yajuzu kutolewa tangu Ramadhani inapoingia. Aliye na kitu aitoe mapema, maana njaa ya mwaka huu haitangojea Idd. Nami kwa upande wangu nimewaomba majirani tumrudishie mjane yule kuku wake, na jana alikuwa amekwisha kupata majike watatu.

Jioni hizi, kabla ya saa moja, husimama mlangoni mwa mto nikaitazama bahari ikijaa. Wachuuzi wa samaki wanafunga mabeseni yao, vijana wanavuta mitumbwi juu mchangani, na mwadhini anaadhini kwa msikiti mtupu, akitujuza tuswali majumbani kwetu. Kisha kila mtu hurudi ndani. Mwezi ukiandama nikiwa huku, nitafutari na mama yangu mdogo, na wanangu watafutari kule na mama yao. Nimepiga hesabu: adhana yao na yetu zapishana kwa dakika moja au mbili tu.

Amri ikija, tutaisikia na kuitii. Isipokuja, tutashukuru. Na hapo katikati, tusiwe watu wa kukaa mbali na kisima tukibishana.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atufikishe Ramadhani salama, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na awakutanishe waliotengana. Amin.

Wabillahi tawfiq.